Kijana anayeunda ndege aulizwe kwanza habari ya gurudumu la mbele

Nyuma ya nyumba, chini ya mkorosho, kuna kitu kimefunikwa turubai la bluu. Majirani wanajua ni nini, na kila mmoja ana neno lake. Yupo anayesema kijana amechanganyikiwa kwa kukaa bila kazi. Yupo anayesema mtaa utapata sifa na waandishi wa habari watakuja. Mama mwenye nyumba hasemi kitu. Anachota maji, anaangalia turubai, anaingia ndani.

Nyumba hii ni ya mfano, lakini wazazi wengi wataitambua. Iwekwe Kibiti mjini, si mbali na barabara kuu ya kwenda Lindi. Baba anaendesha bajaji. Mama ananunua kaa na samaki kule Nyamisati na kuwapelekea wateja wake mjini. Kijana wao wa kwanza ana miaka 18, amemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo. Kwa miezi kadhaa amekuwa akikusanya mabomba ya alumini, mbao nyepesi, vitambaa na injini ya pikipiki iliyokwishatumika. Anaunda ndege ya mtu mmoja.

Jioni moja anasema, "Mama, Jumapili naijaribu pale uwanja wa mpira."

Mama anaweka sufuria chini. "Utaijaribu vipi, mwanangu?"

"Naiwasha, nakimbia nayo. Ikitaka kunyanyuka, naiacha inyanyuke."

Hapo wazazi wengi huona njia mbili tu. Ya kwanza ni ya ukali: turubai linafunuliwa, mbao zinakuwa kuni, injini inauzwa. Ya pili ni ya kuchoka: "Mwacheni, ameshakua, dunia itamfunza." Njia ya kwanza haiui ndoto, inaihamishia porini ambako hakuna mkubwa wa kuangalia. Njia ya pili inaweza kuishia msibani.

Ipo njia ya tatu, na ndiyo wanayoifuata watu wanaounda ndege zao wenyewe katika nchi ambazo kazi hiyo ina utaratibu. Haianzi na "ndiyo" wala "hapana". Inaanza na swali la kifundi ambalo hata mama asiyejua chochote kuhusu ndege anaweza kuliuliza: "Gurudumu la mbele umelipima?"

Ni kama bajaji, lakini si bajaji

Ndege nyingi ndogo za leo zina magurudumu matatu. Hata zile zinazopita juu ya delta ya Rufiji kwenda Mafia, au zinazoshuka kwenye viwanja vya vumbi vya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, nyingi zimepangwa hivyo: mawili nyuma yanabeba uzito mwingi, na moja liko mbele chini ya pua. Kwa macho ya baba wa mfano wetu, mpangilio huo ni wa bajaji kabisa.

Tofauti iko kwenye usukani. Dereva wa bajaji anashika usukani ulioungana na gurudumu la mbele. Kwenye ndege nyingi za kuunda nyumbani, gurudumu la mbele halikuungana na kitu chochote anachoshika rubani. Linajizungukia lenyewe, kama magurudumu ya kiti cha ofisini au ya kitanda cha kusukumia wagonjwa. Ndivyo zilivyo ndege kadhaa za aina ya RV za kampuni ya Van's Aircraft ya Marekani, ambazo ni miongoni mwa ndege zinazoundwa na watu binafsi kwa wingi zaidi duniani. Ikiwa chini na inakwenda polepole, rubani anaikunja kwa kukanyaga breki ya upande mmoja. Kasi ikiongezeka na upepo ukianza kupita vizuri mkiani, usukani wa mkia ndio unaofanya kazi.

Gurudumu la namna hiyo lina ujanja wake. Ekseli haikai moja kwa moja chini ya mhimili linaozungukia, bali nyuma kidogo. Kwa hiyo ndege ikienda mbele, gurudumu linafuata nyuma ya mhimili kama tela linavyofuata trekta.

Lakini aliyewahi kusukuma kitanda cha wagonjwa ameuona ugonjwa wake pia. Kuna gurudumu moja, kila mwendo ukifika mahali fulani, linaanza kutikisika kushoto na kulia haraka haraka, kama mkia wa mbwa aliyemwona bwana wake. Kitanda kinapiga kelele, wauguzi wanapunguza mwendo, gurudumu linatulia. Hospitalini hiyo ni kero. Kwenye ndege inayokimbia, mtikisiko huo huo unaweza kukata bolti, kupasua foko au kuvunja mguu wa mbele. Mguu wa mbele ukivunjika, pua inagonga ardhi, pangaboi linachimba udongo, na wakati mwingine ndege nzima inageuka juu chini, rubani akiwa ndani.

Sababu za mtikisiko hazina uchawi. Nati ya mhimili imelegea. Beringi zimekwisha. Tairi limevimba upande mmoja au limejazwa upepo usio sahihi. Gurudumu halina uwiano. Gurudumu likisukumwa kidogo na kokoto linakwenda upande, linarudi, linapita katikati, linakwenda upande wa pili, na kama hakuna kinacholizuia, kila safari inakuwa ndefu kuliko iliyotangulia. Kinacholizuia ni ugumu kidogo uliowekwa kwa makusudi pale kwenye mhimili, kwa kukaza nati juu ya washa zenye mkunjo kama sahani.

Ugumu huo nao ukizidi ni ubaya mwingine. Gurudumu linakataa kuzunguka, rubani anakanyaga breki kwa nguvu ili akunje, breki zinachemka, na siku moja anazikanyaga hazikamati. Kwa hiyo nati haikazwi tu "mpaka ikaze". Inakazwa kwa kipimo.

Mizani ya kaa

Habari ya kipimo ndiyo inayomfanya mama ainue uso.

Waundaji wa ndege hufanya hivi. Mkia unawekewa uzito, au unafungwa chini, mpaka pua inyanyuke na gurudumu la mbele lining'inie hewani. Chini ya ndege kunawekwa kitu imara cha kuishikilia, ili isije ikamwangukia mtu. Kisha mtu anachukua mizani ya kuning'iniza, ile yenye ndoano, anaifunga kwa kamba kwenye ekseli na kuvuta kwa upande, polepole. Mwenzake anasoma mshale. Namba inayotakiwa ni ile ya pale gurudumu linapoanza tu kujongea.

Kwa ndege za RV zilizotajwa, michoro hutaka karibu kilo 10. Ndege nyingine ina namba yake, na ya jirani haiazimwi. Namba hutoka kwenye michoro ya ndege yenyewe. Kijana aliyebuni ndege kichwani mwake hana michoro iliyopigiwa hesabu na mtaalamu, na hilo peke yake ni jibu. Linamwambia kwamba bado hajafika mahali pa kukaa kwenye kiti na kuwasha injini.

Mizani yenyewe haihitaji kuagizwa Ulaya. Kila anayenunua kaa Nyamisati anaijua. Ni ile ile inayoning'inizwa kwenye mti, kaa wakafungwa miguu, mshale ukatazamwa na macho manne, ya muuzaji na ya mnunuzi, kwa sababu hakuna anayetaka kupunjwa.

"Unataka mizani yangu?" mama anauliza.

"Naomba, mama. Kwa siku moja."

"Nitakuja nayo mwenyewe. Wewe utavuta, mimi nitasoma. Na nikisoma saba, usiniambie niandike kumi."

Katika sentensi hiyo kuna malezi mengi kuliko katika hotuba ya saa nzima. Mama hajui ndege, lakini anajua mizani, na anajua jinsi mtu anavyotamani mshale useme anachokitaka moyoni. Miaka yote ya biashara amewaona watu wazima wakibonyeza mizani kwa kidole. Sasa anamfundisha mwanawe kwamba mshale hauonewi aibu wala haubembelezwi.

Hatua kwa hatua, mabawa yakiwa ukutani

Mzazi aliyefika hapa anaweza kuweka sharti moja linalomlinda kijana wake bila kumvunja moyo: majaribio yote ya gurudumu nyumbani yafanywe mabawa yakiwa yamefunguliwa na pangaboi likiwa limetolewa. Ndege isiyo na mabawa haiwezi kunyanyuka hata kwa bahati mbaya. Injini isiyo na pangaboi haiwezi kumkata mtoto aliyekimbia kufuata mpira. Sharti hilo si la uoga. Hata marubani wenye uzoefu wamejikuta hewani bila kukusudia walipokuwa wakijaribu ndege kwa mbio za ardhini, kwa sababu ndege nyepesi haihitaji kasi kubwa ili iache ardhi.

Hatua ya kwanza ni ya macho na mikono. Gurudumu likiwa hewani linazungushwa, na wote wananyamaza wasikie. Beringi nzima haina sauti. Iliyokwisha inasaga kama mchanga kwenye meno. Kisha gurudumu linashikwa juu na chini na kutikiswa, halafu foko inashikwa na kutikiswa. Kama kuna mchezo, mkono utaujua hata kama jicho halijauona. Fundi baiskeli yeyote wa Kibiti anaweza kuitwa kutoa maoni hapa, na atafurahi kuitwa.

Hatua ya pili ni mizani, kama ilivyoelezwa, kulia na kushoto, mara tatu kila upande, na namba zote zinaandikwa, pamoja na zile zisizopendeza.

Hatua ya tatu ni kusukuma kwa mkono. Mbele moja kwa moja, kukunja kulia, kukunja kushoto, kisha kurudi nyuma. Kurudi nyuma kuna siri yake, kwa kuwa gurudumu linalojizungukia hugeuka lote kutafuta upande wa kufuata. Hapo ndipo itaonekana kama linagonga mahali, au kama vizuizi vyake vinalishika inavyotakiwa.

Hatua ya nne ni kuvuta kwa kamba ndefu, vijana watatu au wanne mbele, kwanza kwa mwendo wa kutembea, halafu kwa mwendo wa mtu anayewahi basi. Kila baada ya mwendo mmoja watu wanasimama, wanainama, wanaangalia bolti na nati. Hapa simu ya mzazi ina kazi. Mtu mmoja anakaa pembeni na kurekodi gurudumu tu, si uso wa kijana. Video ikirudiwa kwa mwendo wa polepole, mtikisiko ambao jicho limeukosa unaonekana wazi. Waundaji wengine hufunga kamera ndogo kwenye mguu wenyewe kwa sababu hiyo hiyo.

Yote hayo si kipimo cha mwisho. Mabawa yakifungwa, uzito unaokaa puani hubadilika, na vipimo hurudiwa. Hata ndege iliyokamilika hukaguliwa nati hiyo tena baada ya saa za mwanzo za kazi, kwa kuwa washa hukaa na ugumu hupungua. Mbio za injini, na zaidi mbio za kasi, ni za rubani mwenye leseni, kwenye uwanja unaoruhusiwa, si za uwanja wa mpira.

Na uwanja nao una neno. Ndege zenye mguu mwembamba wa mbele zimewahi kupinduka kwenye nyasi zenye mashimo, gurudumu likizama na mguu ukikunjikia nyuma. Rubani mwenye busara hukagua ardhi kwa miguu yake kabla, na akiwa anakimbia huvuta fimbo nyuma ili apunguze uzito wa pua. Anayejua vijia vya Kibiti wakati wa masika hahitaji kufafanuliwa gurudumu dogo linafanywa nini na tope.

Delta iliwahi kuona ndege zikishindwa

Katika nyumba ya mfano, babu amekuwa akisikiliza akiwa kwenye mkeka. Anasema maneno ambayo vijana wengi wamewahi kuyasikia: "Mjukuu wangu, huku kwetu ndege ni za kuangalia juu. Hayo ni mambo ya watu wa mbali."

Kijana anaweza kumjibu babu kwa heshima, kwa sababu delta ya Rufiji ni moja ya sehemu za mwanzo katika Afrika Mashariki kuona ndege zikifanya kazi. Mwaka 1914 meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, baada ya kuizamisha meli ya Waingereza iitwayo Pegasus pale Zanzibar tarehe 20 Septemba, ilijificha katika mito ya delta, kwenye mikoko ambako meli kubwa hazikuweza kuifuata. Waingereza wakaleta ndege ili waione kutoka juu.

Ndege hizo zilitengenezwa na watu waliojua kazi yao, lakini hazikuwa zimepimwa kwa Rufiji. Zile za kutua majini zilizoletwa mwanzoni mwa 1915 ziliteswa na joto na unyevu. Gundi ililegea, mbao zilipinda, na injini zilishindwa kuzinyanyua kama zilivyotarajiwa. Baadaye zikaletwa ndege za magurudumu, na kiwanja kikasafishwa kisiwani Mafia. Tarehe 11 Julai 1915, siku meli ile ilipoangamizwa, ndege ya John Cull na mwenzake Arnold ilipigwa ikiwa juu ya delta ikielekeza mizinga. Walishuka kwenye maji ya mto, ndege ikapinduka juu chini, na wote wawili wakaokolewa na boti ya meli iitwayo Mersey.

Kwa hiyo babu ana haki ya kuogopa, ila hana haki ya kusema ndege hazina historia huku. Tena historia hiyo inamfundisha kijana jambo kubwa: kitu kilichofanya kazi kwingine hakijafanya kazi hapa mpaka kipimwe hapa. Gundi ya dukani, kitambaa cha bei nafuu, beringi iliyotoka kwenye pikipiki ya zamani, vyote vitakutana na joto na chumvi ya pwani, na havitamhurumia mtu kwa kuwa ana ndoto nzuri.

Si yeye peke yake

Kijana wa namna hii mara nyingi hudhani yuko peke yake duniani, na upweke huo ndio unaomsukuma kufanya haraka. Ni vizuri ajue wenzake. Nchini Kenya, Gabriel Nderitu wa Nyeri, mtaalamu wa kompyuta, alijulikana kuanzia mwaka 2010 kwa kuunda ndege nyumbani kwake. Ya kwanza haikuruka, naye akaunda nyingine. Hapa Tanzania, Adam Kinyekile wa Tunduma, mkoani Songwe, alijulikana kwa kuunda helikopta.

Huko Marekani, chama cha waundaji wa ndege kiitwacho EAA kilianzishwa mwaka 1953. Kina wanachama wa kujitolea wanaokwenda kwenye gereji za wenzao kuangalia kazi kabla haijafunikwa kwa kitambaa au bati. Sheria za huko kwa kawaida hutaka ndege iliyoundwa na mtu binafsi iruke saa 25 au 40 za majaribio, katika eneo maalumu, kabla ya kubeba abiria. Mke hapandi. Mtoto hapandi. Rafiki wa kupiga picha hapandi. Mtu aliyetumia miaka mitano kuunda ndege bado anaambiwa asubiri.

Hapa nchini mwenye kauli ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Hakuna ndege ya kubeba mtu inayoruka kihalali bila idhini yake, iwe ya kununua au ya kuunda. Barua ya kijana kwa mamlaka hiyo, yenye picha, michoro na daftari la vipimo, ina uzito kuliko video ya ndege inayorukaruka uwanjani. Na kwa mwenye matokeo mazuri ya fizikia na hesabu, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo, Dar es Salaam, kinafundisha matengenezo ya ndege. Ambaye matokeo hayakumbeba anaweza kuanzia VETA kwenye ufundi wa vyuma au magari. Daftari lile lile la gurudumu atakwenda nalo.

Wenye watoto wadogo

Wazazi wenye watoto wa darasa la nne au la tano hawana ndege chini ya mkorosho, lakini wana magari ya mbao na ya waya, yenye matairi ya malapa. Somo hili linawafaa vilevile. Kinatafutwa kibao, magurudumu mawili ya nyuma, na gurudumu moja la mbele la kiti kibovu cha ofisini. Linawekwa tofali juu. Mtoto anavuta kwa kamba na kusikiliza ni mwendo gani gurudumu linaanza kutikisika. Anasogeza tofali mbele, anavuta tena. Anasogeza nyuma, anavuta tena. Anaandika.

Kazi ya mzazi katika mchezo huo ni ndogo lakini ndiyo yenye uzito. Mtoto akija mbio kusema, "Baba, limekataa," asichekwe. Asiambiwe, "Si nilikwambia?" Aulizwe, "Limekataa vipi?" Mtoto aliyezoea kuulizwa hivyo hujifunza kwamba habari mbaya inaruhusiwa ndani ya nyumba.

Aliyezoea kuchekwa hujifunza kuficha. Atasema beringi ni nzima wakati ameisikia ikisaga. Atasema mizani imesoma kumi. Akifika miaka 18 ataiwasha injini siku ya Jumapili mbele ya watu, kwa sababu ni afadhali kwake kuumia kuliko kusema "bado". Ndege huvunjika kwa nati iliyolegea, lakini nati hiyo mara nyingi kuna mtu aliyeijua akanyamaza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa kwanza katika jambo hili ni pale mtoto anapoogopa kusema.

Jumapili yenyewe

Jumapili inafika. Uwanjani kuna watu wengi kuliko waliotarajiwa, kwa kuwa habari imetembea. Wanachokiona kinawavunja moyo: ndege haina mabawa wala pangaboi. Vijana wanne wameshika kamba. Baba amekuja na bajaji na kuisimamisha pembeni. Mama ameketi juu ya kindoo kilichogeuzwa, simu mkononi, daftari la hesabu za kaa mapajani.

Mwendo wa kutembea unakwenda salama. Wanasimama, wanainama, wanakagua. Mwendo wa pili unakwenda salama. Watu wameanza kuondoka. Mmoja anapaza sauti, "Ruka basi tuone!" Wengine wanacheka.

Mwendo wa tatu ni wa mbio. Kabla ya kufika goli la pili, gurudumu la mbele linaanza kupiga kushoto na kulia, na kidude kizima kinatetemeka. Kijana aliye kwenye kiti anaangalia watu waliobaki, anamwangalia mama yake, kisha anainua mkono.

"Simameni!"

Vijana wanaachia kamba. Anashuka, anapiga magoti, anashika foko na kuitikisa. Sura yake inaonyesha kwamba angependa ardhi immeze.

"Inatikisika, mama," anasema. "Tulipopima ilisoma nane. Nilijua ni ndogo. Nilidhani itatosha."

Mama hasemi kwamba alijua. Anafungua daftari, na chini ya kilo za kaa za juzi anaandika: Jumapili, mwendo wa tatu, inatikisika, nane haitoshi.

"Kinachofuata ni nini?" anauliza.

"Kufungua nati, kuangalia washa, kukaza, kupima tena. Na nitafute wa kuniangalizia hesabu."

"Haya. Mizani utaipata Alhamisi, nikirudi Nyamisati."

Baba amekwishageuza bajaji. Wanafunga kamba nyuma yake na kuanza safari ya nyumbani kwa mwendo wa kutembea, kijana akitembea pembeni, akiliangalia gurudumu njia nzima.